Kaure Haisahau

Kila akitoka madrasa, Sahla alipitia karakana ya shangazi yake Shekha, hapo Mambrui. Alivua viatu mlangoni, akatoa shikamoo, akashika kitambaa. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi na kupanga vyombo rafuni. Ya shangazi ilikuwa ndefu zaidi. Alichora chombo kwenye kompyuta, akapeleka mchoro Malindi kwenye mtambo unaotoa umbo la plastiki, kisha kwa umbo hilo akatengeneza kalibu ya plasta. Humo alimimina uji wa kaure, udongo mweupe wa vyombo vya kichina. Ukishashika, alitoa chombo na kukikunja mdomo kwa vidole, kazi ambayo mashine haiiwezi.

Mwezi ule kazi iliwazidi nguvu. Chombo kikubwa, chenye mdomo uliokunjamana kama leso iliyovuliwa, kilisubiriwa maonyeshoni Mombasa. Macho ya shangazi yalikuwa mekundu, na Sahla alisinzia akiwa wima. Basi siku moja, akikibeba chombo kingali kibichi, alikigonga kwenye rafu na mdomo ukapinda. Alilowesha vidole, akaunyoosha, akautazama huku na huku. Haukuonyesha kitu. Shangazi alikuwa amepitiwa na usingizi kitini, na Sahla alikuwa amechoka hata kukemewa. Akanyamaza.

Chombo kilipochomwa na tanuri kufunguliwa, mdomo ulikuwa umepinda palepale.

Shekha hakugomba. Alijibwaga kitini, akasema bila shaka alikosea vipimo. Angeufuta mchoro wote aanze upya. Hilo lilitaka kalibu mpya pia, na maonyesho yangempita. Hata hivyo aliivuta kompyuta, akayafikicha macho yake mekundu.

Sahla aliweka kitambaa chini. Kunyamaza kulikuwa rahisi, kwani mchoro hauwezi kujitetea. Lakini macho yale mekundu yalimwuma moyoni.

"Shangazi, usiufute. Mchoro hauna kosa. Nilikigonga kikiwa kibichi, nikakinyoosha. Nisamehe."

Shekha aliiacha kompyuta. Akamweleza kwamba kaure haisahau. Ikipindwa ikanyooshwa, macho hudanganyika, lakini moto huirudisha ilikopindiwa.

"Ungeniambia palepale, mwanangu, ningekivunja nikakirudisha ndooni, kikawa uji tena. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji. Kosa nalo ni hivyohivyo."

Kwa kuwa kalibu ilikuwa nzima, walimimina upya jioni ileile. Sahla alikoroga uji hadi mabega yakamuuma, wala hakulalamika. Chombo cha pili kilitoka sawasawa, kikaliwahi gari la Mombasa.

Kile kilichopinda shangazi hakukitupa. Alikiweka karibu na mlango, akamwambia Sahla atie humo vitambaa vyake vya kufutia.

"Si kukuaibisha," akasema. "Nataka ukumbuke tu. Kusema kweli kulikuchosha mara moja. Kuficha kungekuchosha kila siku."