Nisome Nini Sasa?

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, saa ile ile ambayo jengo zima lilikuwa likishuka kwenda kula. Fundi alipofaulu kuitanua milango, watu walichomoka kama nyuki waliochokozwa, huyu akilaani, yule akiuliza lifti ilifungwa na nani. Dada mmoja tu ndiye aliyebaki, ameketi sakafuni, gauni lake la manjano limemzunguka kama ua, koti jeupe la kazi mabegani, kitabu kimemfunika uso.

"Dada, toka. Hapa si salama."

"Ngoja kaka, nimebakiza ukurasa mmoja."

Fundi akangoja, mikono imeshikilia milango, jasho likimtiririka hadi kwenye kola ya ovaroli. Dada alipomaliza, alishusha pumzi kama mtu aliyeshiba, akainua macho.

"Sasa nisome nini? Nipendekezee."

"Mimi? Mimi husoma vitabu vya mashine. Nina kimoja, kurasa mia tatu, breki tupu."

"Kinaishaje?"

"Lifti haianguki."

Dada akacheka hadi akaegemea ukuta. Lifti kweli haikuanguka. Aliyeanguka ni Fundi.

Dada yule alikuwa mpima macho katika duka la miwani ghorofa ya saba, na tangu siku hiyo lifti za jengo lile zilikaguliwa kuliko za ikulu. Wakapendana. Yeye alimwita "Fundi wangu", Fundi akamwita "Nuru". Nuru alikuwa na tabia moja: akimaliza kitabu, humuuliza yeyote aliye mbele yake asome nini tena. Aliwauliza wateja, wauza matunda, hata askari wa barabarani aliyemsimamisha. Fundi aliipenda tabia hiyo, mpaka Nuru alipojiunga na kundi la wasomaji kwenye simu.

Jioni moja walikuwa wamekaa kwa Nuru, miguu yake juu ya mapaja ya Fundi, simu ikalia kengele ya ujumbe. Nuru akaufungua. Ikatoka sauti nzito ya kiume, isiyo na haraka, ya mtu ambaye hajawahi kupanda ghorofa kumi kwa ngazi amebeba kebo.

"Nuru, nimekupatia kitabu. Kisome jioni, peke yako, simu umezima. Utanielewa."

Fundi akaishusha ile miguu polepole.

"Huyu nani?"

"Kalamu, wa kundini. Niliuliza nisome nini, akanijibu."

"Na jina la 'Nuru' kalitoa wapi?"

"Ndilo ninalotumia kule. Nalipenda, si ulinipa wewe?"

"Nilikupa wewe, sikuwapa kundi. Halafu, wote hukutumia sauti faraghani, au ni yeye tu?"

"Mpenzi, ni kitabu tu."

"Kitabu gani kinasomwa kwa masharti kama dawa ya mganga?"

"Haya," Nuru akakunja mikono. "Nipendekezee wewe basi."

Fundi akachukua mfuko wake wa vifaa, akaaga.

Usiku ule hakulala. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akimeza unachoma, akitema hautoki. Siku chache baadaye alikiona kile kitabu kwenye kochi la Nuru, akakitia ndani ya mfuko wa vifaa bila kusema. Akawa anakisoma wakati wa mapumziko katika chumba cha mashine juu ya paa, kwa tochi, midomo ikicheza.

Kilihusu mshona mapazia aliyechumbiwa na dereva wa malori. Kulikuwa na jirani mpole, nguo zake safi, akimwazima mshonaji hiki na kile, akisubiri. Kufika sura ya tano, jirani akasema: "Msafiri sana hurudi siku moja akakuta mlango una mwenyewe."

Fundi akakifunga kitabu kwa kishindo. "Ananiambia mimi!"

Jumamosi aliibuka katika chumba cha nyuma cha duka la vitabu, ambako kundi lile la simu hukutana ana kwa ana, ovaroli mwilini na grisi kwenye vidole. Nuru alikuwa pale, gauni la buluu, hereni zikimeta. Kando yake alikaa mfamasia mwenye shati lililonyooka na viatu vya kujitazamia. Fundi hakuhitaji kuambiwa kwamba ndiye Kalamu.

"Wewe ndiye jirani wa sura ya tano!" Fundi akamnyooshea kitabu. "Unangoja nikosee!"

Kalamu akatabasamu. "Ndugu yangu, hiyo ni hadithi tu."

"Hebu ngojeni," akasema mkunga mstaafu aliyeongoza kundi, akavaa miwani. "Huyu kijana amekisoma. Mimi pia jirani yule simpendi, mwoga."

"Mwoga sana, mama! Mwanamume gani anapenda kwa kuvizia?"

Wasomaji wakaanza kubishana, huyu akimtetea jirani, yule dereva. Fundi alikuwa anajibu hoja ya tatu alipogundua kiti cha Nuru ki wazi.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikakatwa. Wiki nzima lifti za jengo lile zilimwona Fundi mwenye sura ya msiba. Hatimaye simu ikaita.

"Njoo dukani."

Alimkuta Nuru peke yake katika chumba cha vipimo.

"Nilimuuliza Kalamu kama ananitaka. Nikamwambia anitazame machoni, kazi yangu ni macho. Akakiri. Nimemwambia asinitumie tena kitu."

"Nilijua!"

"Kaa chini, usishangilie. Ulimsoma Kalamu, ukasoma na kitabu kizima. Mimi hukunisoma. Ungeuliza, ningekwambia nilikiacha sura ya pili."

"Ulikiacha?"

"Kilinichosha. Badala yake ukaja kunivua nguo mbele ya watu."

Fundi akainamisha kichwa. "Nisamehe. Niliogopa. Yeye ana maneno, mimi nina spana."

Nuru akamwinua kidevu, sauti imelainika. "Mbona unakunja uso?"

"Kichwa kinaniuma tangu nianze kusoma kile kitabu."

Akamkalisha kwenye kiti, akamvisha fremu nzito ya kupimia, akasimama karibu hadi Fundi akasikia joto la pumzi yake.

"Soma mstari wa chini."

"Nataka kukuoa."

Lenzi ikamponyoka Nuru, ikaanguka kwenye kapeti.

"Haijaandikwa hivyo."

"Basi siuoni. Ndiyo maana nahitaji mke anayepima macho."

Nuru akacheka, machozi yakimtoka, asijue afute yapi kwanza.

"Na wivu wako je?"

"Upo. Sitakudanganya. Ila safari ijayo nitakuuliza wewe kwanza."

Akaiokota lenzi, akaipangusa kwa pindo la koti, akairudisha mahali pake taratibu.

"Jumapili mama yuko nyumbani," akasema. "Njoo umwambie mwenyewe, na uoshe mikono."