Mwanya wa Kiboko

Itangazwe kwa wasomaji wote, wenye ndoa na wanaoitafuta, kwamba penzi la kweli halitikiswi na kitu chochote chini ya jua. Penzi la dada yangu lilitikiswa na kiboko.

"Huyu ni nani?" mchumba wake aliuliza, kidole juu ya meza ya kuchorea.

"Kiboko. Ukurasa wa tisa. Bwana harusi."

"Tangu lini ana mwanya?"

Shemeji ni daktari wa meno. Mtu wa namna hiyo humdanganyi kuhusu mwanya.

"Na kidoti chini ya jicho," aliendelea. "Yule mpiga picha, mpenzi wako wa zamani, nilimng'oa jino mwenyewe. Mdomo wake naujua kuliko mama yake."

Dada aliinama kutazama. Kwa miezi minane alikuwa amechora kitabu hicho cha watoto, chake cha kwanza, picha kumi na mbili za rangi ya maji.

"Mimi sikuchora mwanya."

"Basi umejichora wenyewe."

"Umeuchora wewe. Jana ulibaki hapa nilipokwenda kununua karatasi. Tangu nikuambie sitaacha kazi tukioana, unatafuta sababu."

"Mimi nishike brashi? Hata mstari sinyooshi."

"Wivu hauhitaji ufundi."

Simu ikaingiza ujumbe wa mhariri: "Dereva anafika saa kumi. Ikipungua picha hata moja, kitabu tunampa mchoraji mwingine."

Ilikuwa saa nane.

"Soma," dada alimsukumia simu. "Furahi sasa."

"Nifurahi? Siku tatu nimekaa kwenye kiti hiki mdomo wazi, unichore mimi ndiye kiboko. Leo nakuta harusi yangu kaingia mwingine."

Dada alivua pete, akaitupa kwenye kopo la maji machafu ya brashi.

"Itafute humo, daktari. Si umezoea kuchokonoa."

Nikiwa kwenye kochi na kitabu cha historia, nilitikisa kichwa kama mzee wa busara.

"Jamani, hasira hasara," niliwaasa.

Lakini maji yalikuwa yameruka, tone likatua mdomoni mwa kiboko. Mwanya ukaanza kutiririka, bluu. Dada aliugusa.

"Wino wangu wa mistari ukikauka hauyeyuki kwa maji," alisema polepole. "Huu ni wa kalamu ya shule."

Nyumba ile ina mwanafunzi mmoja, karudi likizo kutoka bweni.

"Kiroboto," aliniita kwa jina langu la nyumbani.

"Shikamoo, dada."

"Wewe nitakufikia." Akabandika karatasi mpya. "Daktari, kaa. Fungua mdomo."

"Bado nimekasirika."

"Na mimi pia. Fungua."

Saa kumi na dakika kumi dereva aliondoka na picha zote, kiboko bado mbichi, meno yamebanana. Shemeji alitumbukiza mkono kwenye kopo, akaitoa pete, akaifuta kwa shati lake.

"Ulidhani naweza kukuharibia kazi," alisema.

"Na wewe ulidhani bado namchora yule."

Dada akanyoosha kidole, akavishwa. Kisha wote wawili wakanigeukia.

"Ongea," dada alisema.

"Ni mimi. Mwanya, kidoti, vyote. Nilitaka kumwona daktari akichemka dakika mbili, tucheke, yaishe."

"Na pete ilipovuliwa?"

"Ningeweza kusema."

"Mbona hukusema?"

Nilitazama kitabu changu cha historia. Kilikuwa juu chini.

"Kwa sababu, dada, bado nilikuwa nacheka."