Maji ya Bomba kwenye Betri

Kila alipotoka shuleni, Kiduchu alijifunga kitambaa kichwani na kuingia kwenye kibanda cha mashine ya kusaga ya mama yake. Unga ulikuwa umetanda kila mahali, hata kwenye nyusi za mama.

Awali mashine iliendeshwa kwa dizeli. Serikali ilipopandisha kodi ya mafuta, bei ya kusaga nayo ikapanda, wateja wakaanza kununa. Mama akakata shauri. Aliuza injini, akanunua mota ya umeme, paneli za sola na betri kubwa za kuhifadhi umeme wa kusagia jioni.

"Betri hizi zina kiu kama wewe," fundi wa sola alimtania Kiduchu. "Ila hazinywi kila maji. Ni maji ya betri tu, yale ya dukani. Ya bomba yana chumvi inayoziharibu."

Kazi ya kuzijaza akapewa Kiduchu. Mwanzoni aliifanya vizuri. Siku moja maji ya betri yakamwishia. Duka lilikuwa mbali, na wenzake walikuwa wakimngoja waruke kamba. Akajaza maji ya bomba. Alipoona hakuna kilichoharibika, akaendelea hivyo hivyo.

Baada ya miezi michache mashine ikaanza kukata pumzi jioni. Hatimaye ikazima kabisa, wateja wakiwa kwenye foleni. Mama akamwita fundi.

"Umeniuzia betri mbovu!" alimfokea mbele ya watu. "Nimeuza injini yangu kwa maneno yako matamu!"

"Zilikuwa nzima, mama," fundi alijitetea.

"Matapeli wote husema hivyo," mteja mmoja alidakia.

Fundi akainamisha kichwa. Kiduchu alipomwona, alisogea mbele.

"Mama, usimlaumu. Mimi nilijaza maji ya bomba."

Mama alikaa juu ya gunia.

Betri zilikuwa zimekufa, kwa hiyo fundi aliiunganisha mashine moja kwa moja na paneli. Ikafanya kazi, lakini jua likiwa kali tu. Wateja wa jioni walihamia kwingine. Kiduchu aliwaona wakipita na mizigo yao, wakimsalimia kwa upole, naye akashindwa kuwatazama.

"Jua halina kodi, mwanangu," mama alisema wakifagia, "ila vyombo vyake vinataka uangalizi. Ungeniambia siku ile ile, huenda tungeziokoa betri. Ulinyamaza, nami nikamtukana mtu wa watu bure. Vaa viatu. Twende wote tukamwombe radhi."