Ushindi wa Arobaini

Kila siku saa kumi jioni, gari lilipomrudisha Bosi Mdogo kutoka shuleni, bodi ya drafti ilimsubiri barazani. Bodi ilikuwa ya jiwe linalong'aa. Binti huyo wa miaka kumi na mmoja alikuwa mtoto pekee wa tajiri mkubwa wa mji ule, na hakuwa na rafiki wa kucheza naye. Alicheza na mlinzi, mpishi na dereva, akawatandika wote.

"Umenimaliza tena!" mlinzi alilalamika akijishika kichwa. "Huo ni ushindi wa arobaini!"

Basi shule ilipotangaza mashindano ya drafti, Bosi Mdogo alikuwa haambiliki. Kombe alikwishalitengea nafasi kabatini.

Siku ya siku ikafika. Bodi ya shuleni ilikuwa kipande cha boksi, na kete zilikuwa vizibo vya soda. Alipangwa na mwanafunzi mgeni, binti wa fundi viatu, aliyehamia wiki ileile. Bosi Mdogo akasogeza kizibo kwa madaha. Mgeni akala kimoja. Akala viwili. Darasa zima likasogea, wa nyuma wakapanda juu ya madawati!

"Kingi!" mgeni akapaza sauti kizibo chake kilipofika safu ya mwisho, na punde mchezo ukaisha.

Mwanafunzi mmoja akamnong'oneza mgeni, "We! Unamjua huyo ni nani?"

"Namjua. Ni mtu aliyeacha mlango wa nyuma wazi," alijibu akigusa safu ya nyuma ya Bosi Mdogo, iliyobaki bila kizibo cha kuilinda.

Bosi Mdogo alifika nyumbani macho yamemwiva. "Mjomba," alimwuliza mlinzi, "mlikuwa mnaniachia nishinde?"

Mlinzi akavua kofia. "Tuna watoto wanaotutegemea, Bosi Mdogo. Nani amfunge binti wa mwenye nyumba, halafu kesho akaombe ruhusa?"

"Nyote?"

"Mpishi aliwahi kukaribia kukushinda kwa bahati mbaya. Alitokwa jasho mpaka miguuni."

Moyo ulimuuma sana Bosi Mdogo. Mara arobaini, na hata moja haikuwa yake! Kumbe muda wote ule alikuwa akicheza peke yake.

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akauliza polepole, "Na vichekesho vyangu mnavyovicheka je? Kile cha kuku na ngazi?"

Mlinzi akaigeuzageuza kofia yake. "Mzee, kile... hakichekeshi."

Kisha baba akaangua kicheko mpaka akajishika mbavu. "Miaka kumi watu wananichekea! Haya, kaa, ucheze naye kwelikweli. Hapa hafukuzwi mtu kwa kusema kweli."

Mlinzi akamfunga mara tatu. Mara ya nne Bosi Mdogo alifungwa pia, lakini aliruka juu akipiga makofi. "Nimekula kete mbili! Mbili za haki!"

Jumamosi alimwalika binti wa fundi viatu kwa marudiano. Mgeni alikuja na vizibo vyake kwenye kopo. "Sikuachii, ujue," alisema akikaa.

"Ukiniachia, sichezi!"

Baba akavuta kiti karibu yao. "Mwanangu, mali imetujengea ukuta mrefu, na watu walikuwa wakiogopa kutupitishia ukweli getini. Anayekufunga kwa haki amekuheshimu kuliko anayekuachia ushinde. Mtu kama huyo mshike, usimkasirikie."

"Zamu yako," mgeni alisema. "Na mlango wa nyuma bado uko wazi."

Bosi Mdogo akatazama bodi, akacheka, akaufunga.