Dawa Ndani ya Chupa ya Kikohozi

Kila jioni, akishamaliza kuosha vyombo, binti wa fundi cherehani aliketi barazani na kisanduku chake cha huduma ya kwanza. Watoto wa nyumba ile ya kupanga walimwita Nesi. Aliyejikwaa alikuja, aliyekatwa na bati alikuja, na wote aliwahudumia.

"Nesi, taratibu! Unaniunguza!" alilia mtoto mmoja jioni hiyo, pamba ilipogusa goti lake.

"Acha kudeka. Kwani uliambiwa ni asali?"

Lakini mtoto yule hakuwa akideka. Asubuhi goti lilikuwa limejaa malengelenge.

Haukupita muda, mhudumu wa afya akaingia uani, jasho likimtiririka.

"Hodi jamani! Nani ana dawa ya vidonda yenye kifuniko cha buluu? Kiwanda kimekosea lebo. Imeandikwa ipakwe hivyo hivyo, kumbe ni kali, ni ya kuchanganywa na maji mengi. Inachoma ngozi. Chupa zote zinarudishwa."

Mama yake Nesi alimtazama yule mtoto wa goti, akashika mdomo. Aliingia ndani, akatoka na chupa. Mhudumu aliinyanyua kwenye mwanga.

"Mbona imeisha hivi?"

"Si unawajua watoto? Hawaachi kuanguka," Mama alijibu.

Nesi alijua dawa nyingine ilikokwenda. Mama alikuwa amemkataza kabisa kumimina dawa kwenye chupa nyingine. Lakini jirani wa chumba cha mwisho, aliyekuwa ametoka kujifungua, alikuwa amemwomba kidogo jana yake, ya kusafishia kitovu cha mtoto. Nesi alimtilia ndani ya chupa tupu ya dawa ya kikohozi. "Asante, daktari wangu," jirani alimwambia, na Nesi alitembea kifua mbele siku nzima. Akisema sasa, kisanduku kitachukuliwa, na Mama atajua kwamba hasikii.

Alikisogeza kisanduku chake nyuma ya miguu. Mhudumu akafunga mfuko wake, akaaga.

Alikuwa amefika mlangoni kilio kiliposikika kutoka chumba cha mwisho. Hakikuwa kilio cha njaa.

"Mama! Nilimpa jirani!" Nesi alipiga kelele. "Niliitia kwenye chupa ya kikohozi!"

Mama hakuuliza la pili. Walikimbia wote watatu. Jirani alikuwa ameinama kitandani, pamba mkononi.

"Tangu jana nikimsafisha analia hivi. Nilidhani ndivyo dawa inavyouma."

Ngozi kuzunguka kitovu ilikuwa nyekundu, imeanza kubambuka. Mhudumu alimnyakua mtoto, akammwagia maji safi, akaendelea kumwaga. Kisha wakamkimbiza hospitali.

Kwa siku kadhaa hakuna aliyecheka uani. Hatimaye daktari alisema mtoto atapona, ila kovu atabaki nalo. Nesi alipofika hospitali na Mama, alisimama mlangoni, hawezi kuingia. Jirani, macho mekundu kwa kukesha, alisogea akamwachia nafasi kwenye benchi.

Mhudumu naye alikuwepo.

"Binti, nitakuambia ukweli, maana umeshakua," alisema. "Kiwanda kilikosea, lakini chupa zake tulizifuata kwa sababu tulizijua kwa lebo na kifuniko. Hiyo ya kikohozi ningeiona kwa macho yangu na bado ningeipita. Ni wewe tu uliyejua mle kuna nini. Dawa ikae kwenye chupa yake, siku zote. Na ukikosea, sema pale pale, hata kama koo limekauka. Ulikawia, mtoto akaumia zaidi. Lakini ulisema, na kwa sababu hiyo leo tumekaa hapa tukimsubiri apone."

Nesi alimgeukia jirani, machozi yakimdondoka. "Nisamehe, mama."

Jirani aliinama juu ya kitanda cha mtoto, kando ya benchi.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema. "Kanawe mikono, uje unisaidie kumshika."