Fomu Iliyofunika Daftari la Hesabu

"Basi wewe ndiye uliyeificha!"

"Mimi? Niifiche kwa nini? Ati barua ya kampuni ni nyama?"

"Ulisema mwenyewe hutaki kusikia habari za hisa. Leo saa tisa ndio mwisho, na barua haipo!"

Jelimo aliinamia kikombe chake cha uji. Wazazi wake walikuwa wamesimama pande mbili za meza ya jikoni, nyumbani kwao nje kidogo ya mji wa Kitale. Mama yake, Cheptoo, alikuwa na hisa mia nne katika kampuni ya kukamua mafuta ya alizeti. Alizinunua miaka mitatu nyuma, alipouza fahali wake. Jana sokoni alikuwa amekutana na Mwalimu Wabwile wa Bungoma, mstaafu anayewasaidia watu kununua na kuuza hisa, naye akamuuliza, "Mama Jelimo, fomu yako ya kununua hisa mpya iko wapi? Wenzako wote wameleta, na mwisho ni kesho."

Fomu gani? Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

"Kampuni yenye faida haiombi watu pesa," Kibiwott, baba yake Jelimo, alisema. "Waache. Tukinyamaza hatupotezi kitu."

"Tutanunua! Pesa zipo kwenye mkebe."

"Zile ni za mbolea, Mama Jelimo! Mvua ikinyesha tupande nini? Hisa?"

Jelimo alisukuma kikombe kando. Barua aliijua ilipo. Ilikuwa ndani ya mkoba wake wa shule, ikiwa jalada la daftari la hesabu.

Wiki ya kufungua shule, mwalimu wa darasa la saba alitangaza kwamba asiyefunika madaftari angepalilia bustani ya shule. Dukani karatasi za kaki ziliuzwa, lakini nyumbani hakukuwa na senti ya kuchezea. Juu ya kabati Jelimo aliona bahasha kubwa ya kaki, mpya, haijafunguliwa. Kila mwaka kampuni ilileta kijitabu chenye picha za wakubwa waliovaa tai, na hakuna aliyekisoma. Akaipasua, akaifanya jalada. Karatasi moja ya kijani, ngumu, akaiweka ndani ili jalada lisikunjike. Akabandika kwa ugali uliolowekwa maji. Kijitabu akakisukuma chini ya godoro.

Angeweza kunyamaza. Baba angelaumiwa, posta ingelaumiwa, saa tisa ingepita. Alimtazama baba yake, mikono imemlegea kama mtu aliyesingiziwa wizi, akashindwa.

"Mama," alisema. "Si Baba. Ni mimi."

Alilitoa daftari na kuliweka mezani. Kwenye jalada, chini ya maneno HESABU, STD 7, jina la mama yake bado lilisomeka.

Cheptoo aliliinamia, akalisoma jina lake. Alikaa chini, mdomo wazi, kama mtu aliyekuta mlango umevunjwa. Kibiwott alilichukua daftari, akaligeuza mara mbili.

"Na hiyo fomu?"

"Imo ndani. Nilibandika na ugali."

"Ugali!" Cheptoo alipata sauti. "Ng'ombe wangu mzima, ati umembandika na ugali! Weka birika motoni, haraka!"

Walilishikilia daftari juu ya mvuke. Ugali ulilainika, na Jelimo akabandua ncha moja baada ya nyingine, vidole vikiungua, asithubutu kulalamika. Fomu ilitoka nzima, imekunjamana, ina madoa, lakini kila neno lilisomeka.

"Isome," mama yake aliamuru. "Kwa sauti."

Jelimo alisoma. Kila mwenye hisa mbili za zamani alikuwa na haki ya kununua moja mpya kwa shilingi kumi na moja. Kwenye soko la hisa, hisa moja iliuzwa shilingi ishirini. Mwenyehisa angeweza kununua zote, kununua baadhi, au kumwuzia mtu mwingine haki yake. Asiyejibu, haki yake ingekufa.

"Unaona?" alisema Cheptoo. "Bei rahisi!"

"Ngoja kwanza," alisema Kibiwott. "Hisa mpya zikimwagika sokoni, si hata zile za zamani zitashuka bei? Wewe mwenye daftari, piga hesabu."

Jelimo alichukua penseli. Hisa mbili za shilingi ishirini ni arobaini. Ongeza moja ya kumi na moja, hamsini na moja. Gawanya kwa tatu.

"Kumi na saba, Baba. Kila hisa itashuka kama shilingi tatu hivi. Mara mia nne..." Penseli ilisimama. "Elfu moja na mia mbili."

"Hizo ni za nini?"

"Ndizo tunazopoteza tukinyamaza."

Kibiwott alivuta kiti karibu na penseli. "Kwa kunyamaza tu? Bila kununua kitu?"

"Bila kununua kitu," Cheptoo alirudia polepole, kana kwamba na yeye ndiyo kwanza anasikia. "Na tukinunua zote mia mbili?"

"Elfu mbili na mia mbili."

Magunia mawili ya mbolea. Wote walitazama mkebe.

"Kilete kile kijitabu," alisema Cheptoo. "Nataka kujua pesa ni za nini."

Jelimo alikimbia, akarudi nacho. Ukurasa wa sita ulieleza: fedha zote zitalipa madeni ya benki. Hakuna mtambo mpya, hakuna kiwanda kipya. Cheptoo alisoma mara mbili, akakifunga.

"Mimi ndiye niliyetaka kuvunja mkebe, na sikuwa nimesoma hata mstari mmoja," alisema. "Siwezi kulipa deni la kampuni kwa mbolea ya shamba langu. Na kunyamaza ni kutupa pesa. Tunauza haki. Hisa mia nne zinabaki. Jelimo, vaa viatu. Leo huendi shule; utaomba radhi kesho."

Cheptoo alijaza fomu na kutia sahihi, na kabla ya saa saba yeye na Jelimo walikuwa Bungoma, mbele ya meza ya Mwalimu Wabwile. Aliinua fomu kwenye mwanga, akainusa.

"Mama Jelimo, hii fomu imejazwa au imepikwa?"

"Imepikwa, Mwalimu. Uliza mpishi."

Jelimo aliinamisha kichwa. Mwalimu alicheka, kisha akaikagua sahihi ya Cheptoo. "Kuna mnunuzi wa shilingi tano na nusu kwa kila haki moja. Haki zako mia mbili, ni elfu moja na mia moja, kabla ya kutoa ada."

"Uza."

Mhuri ulipiga meza. Jelimo aliruka.

Nje, Cheptoo aliingia duka la vitabu na kununua karatasi moja ya kaki. Alimpa binti yake.

"Hii ndiyo ya kufunika daftari. Barua yenye jina la mtu si yako, hata ikikaa kabatini mwaka mzima. Na mimi nina kosa langu: barua nisiyoifungua ni kama nimeitupa mwenyewe. Lakini ulipoona baba yako anaonewa ulisema kweli, na muda ulikuwa bado upo. Ungesema saa kumi, kweli yako ingetusaidia nini?"

"Isingesaidia kitu, Mama."

"Basi. Mwalimu anasema hundi itakuja kwa posta."

"Kwa bahasha ya kaki?"

"Ya kaki," alisema Cheptoo. "Nawe utaniletea mkononi, siku hiyohiyo."

Jelimo alilitoa daftari mkobani, akalikunjia jalada jipya palepale kwenye ngazi ya duka.