Mkono Uliokaza Boliti

Duka la vipuri siku ya Jumamosi halina foleni, lina viwiko tu. Kila mtu ameshika kipande cha gari lake kilichokufa, anakipunga juu ya kaunta, na muuzaji humsikiliza anayepiga kelele kuliko wenzake. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke mmoja aliyevaa gauni la bluu lililopigwa pasi vizuri na viatu vya kisigino kifupi, viatu ambavyo havikupaswa kabisa kukanyaga sakafu ile yenye grisi. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu udereva, na wanafunzi wake walimwita Mwalimu hata wakikutana naye sokoni. Alipofikiwa, akataja oili ya giaboksi aliyoitaka. Muuzaji akanyoosha kidole kwa bwana aliyekuwa pembeni. Kopo la mwisho lilikuwa mkononi mwake.

Bwana huyo alikuwa mrefu, mikono ya shati ameikunja, penseli ameichomeka juu ya sikio. Buti zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Alikuwa mpimaji wa ardhi, na mchana kutwa alipita mashambani na kwenye viwanja akichomeka vigingi.

"Samahani kaka, hilo kopo unalihitaji leo?"

"Nisingelihitaji ningekuwa kitandani, dada. Ni la pikapu ya kazini. Na wewe je?"

Mwalimu akamwonyesha nje, lilipoegeshwa gari dogo jekundu la milango miwili, gari la michezo, lililo chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na magurudumu ya malori. Mpimaji akalitazama gari, akamtazama mwenye gari, kisha akalitazama tena.

"Lile unaliendesha mwenyewe?"

"Hapana, linaniendesha lenyewe."

Akacheka, akamkabidhi kopo. "Chukua. Lakini kwa sharti. Siku ya kuitia hiyo oili na mimi niwepo."

"Ufanye nini?"

"Nishike tochi."

"Mshika tochi ninaye. Meno yangu."

Hata hivyo namba alimpa. Kwenye simu yake alimwandika "Kopo", na Mpimaji naye akamwandika "Gia ya Pili", maana alimwambia ndiyo inayolisumbua gari lake.

Oili ile ingeweza kubadilishwa Jumapili hiyo hiyo. Haikubadilishwa. Mwalimu alilipanga kopo kwenye rafu ya jikoni, kati ya sukari na majani ya chai, akawa analifuta vumbi. Gari lilikuwa la marehemu mumewe. Alilinunua likiwa limebondeka mbele, akalifufua uani wikendi baada ya wikendi, na kazi ya mwisho aliyoifanya kabla ya kulazwa ilikuwa kumwaga oili ya giaboksi na kutia mpya. Tangu hapo hakuna fundi aliyeruhusiwa kulala chini ya gari lile. Mambo mengine Mwalimu aliyafanya mwenyewe, lakini giaboksi hakuigusa. Sasa gia ya pili ilikuwa ikigoma kila asubuhi, ikiingia kwa shingo upande na kwa kelele ya vyuma kusagana, na mtu anayesikiliza gia kwa kazi hawezi kujitia hamnazo. Alijua kabisa kwamba akiendelea kuahirisha ataliua gari lenyewe.

Huku nyuma simu zilikuwa zinapigwa. Mpimaji alipiga akiwa juu ya vilima, upepo ukimkata maneno, akieleza alivyofukuzwa na mbuzi dume aliyedhani kigingi ni chake. Mwalimu alimpigia baada ya somo la mwisho, akimsimulia mzee aliyekanyaga mafuta badala ya breki kisha akamwomba radhi mti. Wakaanza kukutana. Wakala pamoja, wakatembea pamoja, wakakaa kimya pamoja, na hilo la mwisho ndilo lililomtisha Mwalimu, kwa sababu kimya chenyewe kilikuwa kitamu. Alikuwa amemwambia mapema kwamba ni mjane. Habari za oili hakumwambia.

Siku moja Mpimaji akapiga moyo konde, akasema anataka kwenda kwao kujitambulisha.

"Tubadilishe oili kwanza," Mwalimu akajibu.

Mpimaji hakuwa mjinga. Alijua hawazungumzii oili. Akauliza tu, "Basi lini, mpenzi?" na ikapangwa Jumapili.

Alifika mapema, amevaa fulana nyeupe, kosa la kwanza, na amebeba jeki, stendi nne za chuma na pima maji, ile ya kipovu wanayotumia waashi. Mwalimu alipomwona ameiweka pima maji kizingitini mwa mlango wa gari na kuchuchumaa kukitazama kipovu, akauliza kama anabadilisha oili au anajenga ghorofa. Mpimaji akamweleza, bila kuinua macho, kwamba gari likiinama upande mmoja, oili itakudanganya, utadhani imejaa kumbe bado. Wakaiwasha injini kidogo ili oili ipate joto na iwe nyepesi, wakaizima, wakalipandisha gari juu ya stendi. Akaingia chini.

Giaboksi ina boliti mbili za kuhangaika nazo. Ya chini ni ya kutolea oili, ya ubavuni ni ya kujazia. Yeyote aliyewahi kuchafuka mikono anajua unaanza na ya kujazia. Ukishaona hiyo imekubali kufunguka, ndipo unamwaga, maana ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikakataa, umebaki na gari kavu lisiloweza kwenda hata kwa fundi. Mpimaji aliijua kanuni hiyo tangu ujanani. Lakini Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na gurudumu, ndani ya shati kuukuu la kiume lililofungwa fundo kiunoni, akimuuliza hiki na kile, na kila akijibu aligeuza kichwa kumtazama. Kupenda humfanya mtu afanye kazi kwa mkono mmoja. Akafungua ya chini.

Oili ikashuka ndani ya beseni, nzito, nyeusi, ikinuka kwa ukali. Mwalimu akaacha kuuliza maswali.

Mpimaji akahamia ya ubavuni. Akavuta. Akavuta tena. Akabadilisha spana, akaweka miguu ukutani, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Boliti haikutikisika. Hapo ndipo alipokumbuka alichokifanya, na aibu ikamwingia, na kama wanaume wengi wenye aibu akaamua kuchekesha.

"Huyu aliyekaza hapa alidhani anafunga benki. Fundi gani huyu? Mtu wa namna hii hafai kushika spana hata ya baiskeli."

Akasikia kigoda kikisogezwa nyuma.

"Mwalimu?"

"Ni mume wangu," alisema Mwalimu.

Mpimaji alitoka kwa haraka akajigonga kichwa. Akaomba radhi, tena na tena, akasema hakujua, na angeishia hapo huenda mambo yangetulia. Lakini ulimi ulimponyoka. Akasema asijali, atamleta kijana wa kuchomelea, boliti itakatwa na kutupwa, itawekwa mpya.

"Nenda nyumbani," Mwalimu akamwambia, bila kupaza sauti.

"Na gari?"

"Gari ni langu."

Akaondoka na fulana yake iliyoharibika. Mwalimu alikaa pale kigodani akilitazama beseni. Oili ile ndiyo iliyokuwa kazi ya mwisho ya mikono ya mumewe, na sasa ilikuwa uchafu wa kumwaga, na mwanaume mwingine alikuwa ameicheka mikono hiyo ndani ya ua wake mwenyewe. Alimchukia Mpimaji. Alijichukia zaidi, kwa kuwa ni yeye aliyemkaribisha.

Mpimaji alipiga simu jioni hiyo, akapiga na kesho yake. Haikupokelewa. Kisha akaacha, na si kwa hasira. Huko vilimani, akitazama kupitia lenzi yake, alikuwa amewaza na kufika mwisho wa mawazo. Mwanaume aliye hai atakosea leo na kesho, na yule mwingine hatakosea tena kamwe. Mashindano ya aina hiyo hayana mshindi, akajiambia, na akaona heshima ni kumwacha mwanamke na mtu wake. Usiku hakulala vizuri.

Gari lilibaki juu ya stendi, kavu, na Mwalimu akawa anaenda kazini kwa miguu. Alijikaza kisabuni mbele ya wanafunzi. Nyumbani kila jioni alishika spana, akalala chini ya gari, akavuta boliti ile mpaka viganja vikauma. Alitaka aifungue yeye. Hakutaka mkono mwingine uguse mahali pale.

Ndivyo alivyokutwa na wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye hakuwa na desturi ya kubisha hodi. Aliona miguu miwili imetokeza chini ya gari, akauliza kama inauzwa. Mwalimu akatoka, uso umejaa masizi. Wifi akatazama stendi, akatazama beseni, akauliza ni nani aliyelipandisha gari. Mwalimu hakuwa na nguvu za kuficha. Akamweleza yote, kopo, simu, kujitambulisha, akiwa ameinamisha macho, akitegemea kusemwa. Alipofika kwenye boliti na maneno ya Mpimaji, wifi akashika kiuno.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta kigoda.

"Kaka yangu? Kaka yangu na boliti? Wifi, umesahau?"

"Nimesahau nini?"

"Bomba la bafuni kwako unalifungua kwa kitu gani?"

Mwalimu alikuwa akilifungua kwa koleo. Miaka yote hiyo koleo lilikaa juu ya sinki pamoja na miswaki, na alikuwa ameacha kujiuliza kwa nini.

"Mtu alikuwa anakaza kifuniko cha chumvi mpaka tunakula chakula bila chumvi," wifi akaendelea. "Kitanda changu alikifunga yeye, siku ya kuhama tulikitoa kwa shoka. Na wewe mwenyewe, siku ile alipolikaza bomba mpaka maji yakaruka, ulisema nini? Nilikuwepo. Ulisema utamfunga mikono kwa kamba ili nyumba ipate amani. Akanuna siku nzima."

Ilikuwa kweli. Ilimrudia yote, mumewe amesimama mlangoni mwa bafu, spana mkononi, amenuna, na yeye amelowa, anapiga kelele, na baadaye wote wawili wakicheka gizani. Siku ile Mwalimu alikuwa ameitupa nje ya kumbukumbu zake. Aliona haifai kuwekwa pamoja na zile nzuri. Machozi yakamtoka kabla kicheko hakijaisha, vikaja vyote kwa pamoja, na wifi yake akamvuta kifuani na masizi yake.

"Tumemsafisha sana yule mtu," wifi akasema, sauti yake sasa imeshuka. "Kila tukimtaja ni malaika. Mpaka mimi simtambui. Mimi namtaka kaka yangu na ubishi wake, wifi. Yule ndiye niliyempenda."

Halafu wifi akajipangusa macho, akauliza, kwa sauti yake ya kawaida, huyo aliyesema ukweli anapatikana wapi.

Mpimaji aliona "Gia ya Pili" ikiwaka kwenye simu, akaichomeka penseli juu ya sikio, ndipo akapokea.

"Kopo," sauti ikasema.

"Nipo, Mwalimu."

"Boliti bado imegoma."

"Niliacha kukupigia kwa kuwa…"

"Najua. Ulifanya vizuri. Sasa njoo."

"Nije kufungua boliti, au nije kwako?"

"Njoo. Utajua ukifika."

Alikuja na kipande kirefu cha bomba la chuma cha kuchomeka kwenye mkono wa spana, ili nguvu iongezeke. Walilala chini ya gari bega kwa bega, wote wamevaa nguo za kuchafuka. Wakashika bomba pamoja. Boliti ilipoachia ilitoa mlio mkali, Mpimaji akadhani imekatika. Haikukatika. Ilizunguka taratibu, ikatoka nzima, na Mwalimu akaishika kiganjani akiigeuzageuza. Akaanza kumsimulia habari za bomba la bafuni. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja marehemu mbele yake bila kushusha sauti.

"Ningempenda," Mpimaji akasema.

"Mngegombana kutwa."

Wakafunga ya chini, wakachomeka mpira, wakasukuma oili mpya kwa pampu ya mkono kidogo kidogo, mpaka ikajaa na kuanza kuchuruzika yenyewe kwenye tundu la ubavuni. Wakaiacha ichuruzike mpaka ikakoma, wakafunga, wakalishusha gari. Mwalimu akaenda kunawa, akarudi amevaa gauni la njano, akakaa nyuma ya usukani. Barabarani gia ya pili iliingia bila ubishi. Akaitoa, akairudisha, akaitoa tena. Mpimaji, magoti yamemfika kidevuni katika kiti kile kifupi, alikuwa akiutazama mkono wa gia.

Mbele kidogo Mwalimu akaegesha pembeni, akaacha injini ikiunguruma.

"Nitakuwa namtaja," alisema, macho yake barabarani. "Siku nyingine nitamsifu, siku nyingine nitamsema, na wewe utakuwa umekaa hapo hapo unasikia. Utaweza?"

Mpimaji akafikiri kweli, hakukimbilia kujibu. "Nitaweza. Na mimi je? Mimi utanisifu tu?"

"Wewe uko hai," Mwalimu akasema, na hapo ndipo alipomgeukia. "Wewe nitakusema kila siku."

Mpimaji akauliza aende lini kwao kujitambulisha. Mwalimu akamwambia ataanzia kwa wifi yake, Jumapili, na avae viatu vizuri, maana wifi huanza kumtazama mtu miguuni.